Matokeo 0: Mla Mboga Akitafuta Chakula Homa Bay

Najua niliahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata. Itakuja, msinichoke. Leo nina hasira kidogo na nataka niitoe kwanza. Ukinivumilia utaona kwamba hata hii ni habari ya hifadhidata.

Kisa ni hiki. Mwezi uliopita kazi ilinipeleka nyumbani. Tunatengeneza programu ya kuhesabu dawa katika zahanati, na ilibidi tuijaribu Rongo, Migori mjini na Homa Bay. Nilikuwa niende na mwenzangu wa kazi, kijana wa Kigujarati kutoka Ahmedabad, fundi kwelikweli wa kuandika programu. Huyu bwana hali nyama, hali samaki, hali mayai. Maziwa anakunywa. Ndivyo alivyolelewa, na babu zake hivyo hivyo.

Siku mbili kabla ya safari akaja mezani kwangu na simu mkononi. Alikuwa na programu moja ya kuwatafutia wasiokula nyama mahali pa kula. Ameandika Nairobi, zimekuja kurasa na kurasa. Ameandika Kisumu, zimekuja chache. Ameandika Homa Bay: matokeo 0. Ameandika Migori: matokeo 0.

"Ndugu yangu," akaniuliza, "huko kwenu nitakula nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Siku ya safari alifika na mabegi mawili. Moja la nguo, jingine limejaa tambi za pakiti, biskuti, na khakhra alizotumiwa na mama yake. Jamani, begi zima la chakula, mtu anakwenda Rongo! Mimi mtoto wa huko nilijisikia kama nimetukanwa mbele za watu. Lakini nani amenitukana? Si yeye. Yeye ameamini alichoambiwa na simu, kama mimi na wewe tunavyoamini kila siku.

SIFURI NA PATUPU

Wanaoandika programu wanajua tofauti ya 0 na NULL. Kwa wasiojua, nitaeleza kwa mfano wa duka. Mwenye duka akiandika kwenye daftari "sukari kilo 0", maana yake amehesabu na hakuna. Akiacha mstari ule bila kitu, maana yake hajahesabu. Huenda stoo kuna magunia kumi. Sifuri ni jibu. Patupu ni swali ambalo bado halijaulizwa. Ukivichanganya viwili hivi unasema uongo bila kujua.

Nasema hivi kwa aibu, maana nimewahi kuvichanganya. Toleo la kwanza la programu yetu ya dawa lilikuwa likigeuza patupu kuwa sifuri, kwa sababu nilitaka jedwali lipendeze, lisiwe na mapengo. Katika zahanati moja, mama aliyeleta mtoto mwenye malaria alirudishwa nyumbani kwa sababu skrini ilisema dawa 0. Katoni ilikuwa stoo, haijafunguliwa. Karani hakuwa amejaza kisanduku chake, na mimi nikajaza kwa niaba yake. Mtoto alipata dawa kesho yake, akapona. Ila tangu siku hiyo nikiona "0" yoyote huuliza: huyu amehesabu, au hajahesabu?

Sasa niambieni. Nani alikwenda Homa Bay akahesabu? Nani alipita barabara ile ya kutoka Kisumu, Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo, Migori mpaka Isebania, akafunua sufuria moja baada ya nyingine? Nadhani hakuna. Programu ile hujazwa na wasafiri wenyewe, na msafiri aliyeambiwa matokeo ni 0 haendi. Asipokwenda hajazi. Asipojaza, matokeo yanabaki 0. Umeona jinsi mdudu huyu anavyojilisha mwenyewe?

NILICHOKUTA

Basi niliamua kuhesabu. Siku zote za safari na mimi nisile nyama wala samaki, nile anachokula mgeni wangu. Kwa mtu aliyekulia karibu na ziwa hiyo si kazi ndogo, lakini twende.

Rongo nilimpeleka kibandani kwa shangazi yangu, tunayemwita waya kwa Kijaluo. Kwenye ubao wake ameandika kwa chaki: nyama, matumbo, samaki, kuku. Mwenzangu akausoma, akaniangalia. Nikamwambia ngoja. Nikaingia jikoni. Kulikuwa na osuga, yaani mnavu. Kulikuwa na akeyo, mgagani uliopikwa kwa maziwa mpaka uchungu umeisha. Kulikuwa na boo, majani ya kunde. Kulikuwa na maharagwe, ndengu, nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chapati, na viazi vitamu vya Kabondo vya kunywea chai. Ukisoma ubao, sifuri. Ukifunua sufuria, nane.

"Waya, mbona hivi vyote hujaviandika?" nikauliza.

"Nyathina, nani huandika mboga?" akajibu. "Mboga ziko tu."

Mboga ziko tu! Shikilia neno hilo, nitalirudia. Mgeni wangu alikula akeyo na ugali wa mtama, akaongeza, akaomba aonyeshwe jani likiwa bichi. Tambi za pakiti hazikuguswa.

Sasa nisiwafiche, maana mtu anayebishana kwa haki lazima aseme na yanayomwumiza. Siku ya pili, Migori mjini, tulianguka. Tuliingia hoteli ya kawaida ya wasafiri. Nikamwambia weita kwa Kiswahili, "Mwenzangu hali nyama." Akajibu kwa furaha, "Hakuna shida, kuna samaki." Nikasema hali samaki. "Kuna kuku." Hakuwa na ubaya wowote. Katika hoteli zetu "nyama" ni ng'ombe na mbuzi, kuku ana jina lake na samaki ana lake. Mwishowe tukaagiza sukuma wiki na ugali. Mwenzangu alikula vijiko viwili, akasimama kijiko mkononi. Ndani ya sukuma wiki kulikuwa na kichwa cha omena. Mpishi alikuwa ameongeza mchuzi wa sufuria ya jirani ili mboga "ziwe na ladha".

Hakufoka. Alisukuma sahani pole pole, akaomba maji, na jioni ile alifungua begi lake la tambi chumbani. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kwako omena moja ni kitu kidogo. Kwa mtu ambaye ukoo wake wote haujawahi kula kiumbe, ni sawa na Mwislamu kukuta nguruwe kwenye wali wake.

Kwa hiyo Migori na Homa Bay si 0. Lakini pia nisiwadanganye kwamba ni 1, njooni mle, hakuna matata. Ukweli uko katikati, na programu yenye visanduku viwili tu, "ndiyo" na "hapana", haiwezi kuusema.

MJI RAFIKI NI UPI HASA?

Kila mwaka utaona orodha mtandaoni: miji kumi bora duniani kwa wasiokula nyama. Nyingi ukizichunguza zinahesabu mikahawa yenye kibao. Kibao kinahitaji kodi ya nyumba, mchoraji, na mara nyingi Kiingereza. Basi wanachopima si chakula. Wanapima nani ana uwezo wa kuweka kibao.

Tuangalie mahali ambapo watu wamelifanyia kazi jambo hili kweli. Palitana, mji wa mahujaji wa dini ya Kijaini huko Gujarat, mwaka 2014 watawa walifunga kula wakidai uchinjaji ukomeshwe, na serikali ikapiga marufuku. Hiyo ni njia ya sheria. Ghent, Ubelgiji, mwaka 2009 mji ulianza kuhimiza watu wasile nyama kila Alhamisi. Hiyo ni njia ya kampeni. India yote, chakula cha pakiti kisicho na nyama hubeba nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani, hata asiyejua kusoma anaelewa. Hiyo ni njia ya alama.

Lakini mfano ninaoupenda uko karibu nasi: Ethiopia. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima yao ni siku 55. Siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Matokeo yake ni kwamba hata hoteli ya kawaida kabisa, inayochoma nyama siku nyingine, inajua kupika dengu, mbaazi na mboga juu ya injera. Huhitaji kutafuta mkahawa wenye kibao cha kijani. Unasema neno moja tu, "tsom", yaani chakula cha mfungo, na mpishi anaelewa mara moja nini kisiingie kwenye sufuria.

Hilo ndilo jambo langu leo, ndugu msomaji. Mji rafiki kwa asiyekula nyama ni mji ambao swali lake linaeleweka jikoni. Mgeni wangu hakukosa chakula Migori. Alikosa neno. Mimi niliyekuwa mkalimani wake sikuwa nalo pia.

Na Kiswahili chenyewe hakitusaidii sana. Pwani na Tanzania, "mboga" yaweza kuwa chochote cha kulia ugali, hata nyama. Kwa hiyo ukimwambia mpishi "mimi nakula mboga tu", katika miji mingine hujamwambia kitu.

KUMBE TUNAO MFANO NYUMBANI

Jumamosi tulikuwa Kendu Bay, nyumbani kwa rafiki niliyesoma naye. Familia yao ni Wasabato. Wasiojua historia wasikilize: misheni ya kwanza ya Waadventista Wasabato nchini Kenya ilianzishwa mwaka 1906 hapo Gendia, karibu na Kendu Bay, na Mkanada Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Malawi ya leo. Kanisa hilo tangu zamani limehimiza kula bila nyama. Wengi wa Wasabato wetu wanakula samaki, lakini awe na mapezi na magamba. Ngege wanakula. Mumi na kamongo hawagusi.

Sasa fikiri. Kwa zaidi ya miaka 100 wapishi wa upande huu wa ziwa wamezoea mtu anayeketi mezani na kusema "hiki sili, kwa imani yangu", na hakuna anayemcheka. Mama mwenye nyumba, nilipomweleza habari ya mwenzangu, hakuuliza mara mbili. Aliuliza swali moja tu: "Na mafuta ya mnyama je?" Hakuna programu iliyowahi kumwuliza hivyo mwenzangu. Chakula chetu kilikuwa kimepikwa Ijumaa: maharagwe, majani ya maboga yaliyotiwa karanga, wali. Mgeni alikula kama yuko kwao.

Ujuzi upo, basi. Uko majumbani na umekaa kimya. Haujafika kwenye ubao wa hoteli.

LAWAMA ZETU

Hapa nawageukia watu wangu, na msinune. Ni rahisi kuilaumu programu ya watu wa mbali. Lakini waya alisema nini? "Nani huandika mboga?" Sisi wenyewe tumezifuta mboga zetu kabla mgeni hajazitafuta. Mgeni akija tunachinja, na tusipochinja tunaona aibu. Homa Bay tulilala hoteli nzuri yenye orodha ya chakula iliyochapishwa. Ukurasa wa mboga ulikuwa na chipsi na kachumbari. Nikamwuliza mpishi kama hana osuga. Akasema anayo, ni ya wafanyakazi! Chakula kinacholiwa na kila mtu jikoni hakiruhusiwi kutoka kwenda mezani.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuonyesha thamani ya mboga hizi za kienyeji. Utotoni alikuwa na mzio wa vyakula vya wanyama, akakuzwa kwa mboga, huko huko Magharibi mwa Kenya. Alipoanza utafiti, wengi waliziona kama magugu na chakula cha maskini. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano mizuri ya kuiga. Dunia imeziandika. Ubao wa Rongo bado.

Kuna watakaonipinga. Nimeshasikia mawili.

La kwanza: "Sisi ni watu wa samaki, hao wasiokula nyama ni wangapi huku?" Sijamwambia mtu aache ngege. Mimi mwenyewe nilikula ngege siku niliyorudi Nairobi, tena kwa pupa. Lakini Thimlich Ohinga, huko Migori, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2018. Ruma iko Homa Bay. Tunataka wageni waje, kisha tunawaacha waamini kwamba watalala njaa. Begi lile la tambi lilinunuliwa Nairobi. Pesa ile ingeweza kubaki kwa waya, ambaye analipa karo ya watoto wawili kwa sahani moja moja.

La pili: "Vibanda havina intaneti." Kibera nayo ilikuwa karibu patupu kwenye ramani za mtandaoni mpaka vijana wa huko walipoanza kuichora wenyewe mwaka 2009, katika mradi wa Map Kibera, kwa kutumia OpenStreetMap. Na Ushahidi ilianza hapa hapa kwetu mwanzoni mwa 2008, watu wakituma habari hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Usiniambie Mkenya hajui kuijaza ramani.

TUFANYE NINI

Moja, kwa wasafiri. Usiseme "sili nyama". Taja kimoja kimoja: sili nyama, sili kuku, sili samaki, sili omena. Kisha uliza: mboga hizi zimetiwa supu? Zimekaangwa kwa mafuta gani? Ukiwa kwa Wajaluo sema, "Ok acham ring'o. Ok acham rech." Utaona uso wa mpishi ukifunguka.

Mbili, kwa wenye hoteli na vibanda. Chaki ni bei rahisi. Andikeni mboga zenu kwa majina yake: osuga, akeyo, boo, apoth. Na sufuria moja ibaki bila mchuzi wa jirani. Hiyo tu.

Tatu, kwa wenzangu tunaoandika programu. OpenStreetMap, ambayo ilianza mwaka 2004 na inaruhusu mtu yeyote kuihariri, ina tagi ya jambo hili: diet:vegetarian. Thamani zake si mbili tu. Kuna only, yaani hawapiki kingine. Kuna yes, yaani kipo cha kutosha. Kuna limited, yaani kipo kidogo. Kuna no, yaani mtu ameuliza na hakuna. Na kama hakuna aliyeuliza, hakuna tagi, basi. Hapo ndipo patupu panapobaki patupu. Ukiandika programu inayosoma data hiyo, tafadhali, nakuomba kama ndugu: palipo patupu usiandike "matokeo 0". Andika "bado hatujauliza". Maneno mawili. Mwenzangu angekuja na begi moja.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo, Simbi Nyaima. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Bibi kizee mgeni alifika usiku wa sherehe akafukuzwa, isipokuwa mwanamke mmoja tu aliyemkarimu. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama na watu wake. Nilimpeleka mwenzangu kuliona. Alisikiliza kisa chote, kisha akauliza, "Yule mwanamke alimpa chakula gani?" Nikamwambia hadithi haisemi. "Natumai alimwuliza kwanza," akasema.

Nimeanza mimi. Mpaka sasa nimeingiza vibanda na hoteli 14 kati ya Rongo, Migori, Homa Bay na Kendu Bay. Tisa ni yes, vinne ni limited, kimoja ni no, kwa sababu kinachoma nyama tu na mwenyewe alinijibu bila kificho. Hoteli ile ya omena nimeiweka limited, baada ya kurudi na kuzungumza na mpishi. Awendo, Oyugis, Mbita, Ndhiwa na Isebania bado ni patupu. Sijasema hakuna. Nasema bado hatujauliza. Uliye karibu, nenda kaulize.

Na waya ameongeza mstari kwenye ubao wake. Ameandika: MBOGA ZIKO.